Mfadhili akiondoka, mshirika ni nani?



Mwanzoni mwa mwaka 2025 mambo mawili yalitupata ndani ya siku nane. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Tarehe 27 ya mwezi uleule M23 wakaingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Basi watu wetu walikuwa wakikimbia na magodoro kichwani, na wakati huohuo mashirika ambayo yangewapokea yalikuwa yakisoma barua za kuyaamuru yasimamishe kazi. Mwezi Machi Washington ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa.

Tusiuchukulie mzigo huu kuwa mdogo. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 Marekani ndiyo iliyotoa karibu asilimia 70 ya pesa za msaada wa dharura zilizofika katika nchi yetu. Ndani ya pesa hizo mlikuwa maji ya kambi za waliohama vita, chakula cha watoto wenye utapiamlo na dawa za vituo vya afya. Mlikuwa pia dawa ya kumkinga mwanamke aliyebakwa asipate virusi vya UKIMWI. Dawa hiyo lazima ianze ndani ya saa 72. Ikichelewa, hakuna mkutano wa wafadhili unaoweza kuzirudisha saa hizo.

Tangu wakati huo tunasikia sauti mbili katika makanisa yetu. Moja inasema: tuombe tu, Mungu atainua mfadhili mwingine. Nyingine inasema: afadhali waende, misaada yao ilitufanya tuwe watu wa kunyoosha mkono. Sauti zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayotosha. Ya kwanza inatuacha tumekaa kando ya barabara tukingoja gari jeupe. Ya pili inasahau kwamba kuna mama aliyezikwa kwa sababu dawa haikufika. Katika andiko hili tunataka kuuliza swali lingine: kati ya kazi zote zilizofanywa kwetu pamoja na wageni, zipi zilibaki zimesimama mgeni alipoondoka, na kwa sababu gani?

Si mara ya kwanza

Wazee wetu wanakumbuka kwamba jambo hili lilikwisha kutokea. Mwaka 1981 Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, lilianza mradi wa afya vijijini uitwao SANRU, kwa pesa za USAID na kwa mapatano na serikali ya Zaire. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mkutano wa Alma-Ata wa 1978, ambako mataifa yalikubaliana kwamba afya ya watu haianzii kwenye hospitali kubwa. Inaanzia karibu na nyumba zao: maji safi, chanjo, uzazi salama, muuguzi anayejulikana. Mradi ulianza na zoni za afya 50, kisha ukafikia 100.

Jambo la kuangaliwa ni namna ulivyojengwa. Hawakujenga hospitali mpya za mradi na kuweka bendera yao juu. Walichukua hospitali zilizokuwapo, nyingi zikiwa za misheni na makanisa, wakazifanya kuwa moyo wa zoni ya afya iliyo sehemu ya mpango wa nchi. Hospitali ilisimamia vituo vidogo, ikafundisha wauguzi, na kila eneo la afya likawa na komite ya watu wa pale.

Mwezi Septemba 1991 askari waliasi na kupora Kinshasa, na misaada ya Marekani kwa Zaire ikakatwa. Wageni wakapanda ndege. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu sana: dawa zilipungua, magari yalikufa, wauguzi walikaa miezi mingi bila mshahara wa serikali. Lakini zoni ya afya haikufa. Mpaka leo nchi yetu inahesabu afya kwa zoni, nazo ni 519. Mzazi anayepeleka mtoto kupata chanjo Masisi, Walungu au Mahagi anatembea ndani ya nyumba ambayo msingi wake uliwekwa wakati ule. Pesa ziliondoka, muundo ukabaki, kwa kuwa ulikuwa umekabidhiwa kwa watu ambao hawakuwa na ndege ya kupanda.

Ituri inatupa mfano mwingine, wenye machungu zaidi. Kituo cha matibabu cha Nyankunde kilianzishwa na misheni kadhaa za Kiprotestanti kwa pamoja, na kilikuwa kati ya hospitali kubwa za mashariki. Tarehe 5 Septemba 2002 kilishambuliwa. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa siku hizo, wagonjwa wakiwa kati yao, na vitu vyote vikaporwa. Waliopona walitembea kwa miguu kupitia msituni hadi Oicha na Beni. Mikononi hawakuwa na mashine wala kitanda. Hata hivyo wauguzi na madaktari wale walianza kazi tena kule Beni, na baadaye, pole pole, Nyankunde penyewe pakafunguliwa. Marafiki wa ng'ambo walisaidia kurudisha vifaa, lakini waliwakuta watu wa kusaidia. Kama ujuzi na uongozi vingekuwa vya wageni peke yao, vifaa vipya vingemkabidhi nani?

Tunapotafuta kilichobaki, basi, tusihesabu majengo tu. Tuhesabu watu waliofundishwa, komite zinazojua kazi yao, na jina lililoandikwa kwenye hati ya kiwanja.

Pale ambapo jamii haikuulizwa

Tuna pia mfano wa upande mwingine. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, pesa nyingi zilikuja na watu wengi walikuja. Ugonjwa uliisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Wataalamu walikuwa na chanjo mpya na dawa mpya, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya hizo. Walichokosa kwa muda mrefu ni imani ya watu.

Watu wa Beni na Butembo walikuwa wamezika ndugu zao waliochinjwa kwa miaka mingi bila kuona msafara wowote. Ghafla wakaona magari, hoteli zilizojaa na mishahara ya dola kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wakaiita kazi ile biashara ya Ebola. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, akauawa Butembo akiwa kazini. Hakuna uchungu unaohalalisha damu hiyo, na sisi watumishi wa Mungu hatuwezi kuinyamazia. Lakini tuelewe pia mafuta yaliyoukuza moto huo yalitoka wapi.

Mambo yalianza kubadilika vijana wa mitaa ileile walipofundishwa kuzika kwa usalama, familia iliporuhusiwa kuona uso wa mpendwa wao na kuomba kaburini, wachungaji na machifu walipoitwa kupanga na si kutangaza tu yaliyokwisha kupangwa. Virusi ni vilevile, chanjo ni ileile. Aliyebadilika ni mtu anayesema na jirani yake.

Na kuna aibu iliyojulikana baadaye. Mwezi Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya wanawake na wasichana waliodaiwa ngono ili wapewe kazi katika vita ile dhidi ya Ebola. Iliwataja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa shirika hilo lenyewe. Wasichana wale ni binti za makanisa yetu. Walinyamaza kwa sababu hapakuwa na mahali pa kupeleka neno lao isipokuwa kwa walewale waliowashikia mkate.

Neno mshirika

Mikataba ya maendeleo inapenda neno washirika. Sisi tunalijua neno hilo kwa njia nyingine. Katika makanisa yetu mshirika ni yule aliyebatizwa, anayekaribia Meza ya Bwana, anayetoa zaka, anayeweza kuchaguliwa, anayesikilizwa katika mkutano wa kanisa na anayeweza kuonywa akikosea. Mgeni aliyeleta zawadi nzuri Jumapili moja tunampigia makofi, lakini hatumwandiki katika kitabu cha washirika siku ile.

Paulo alipowaandikia Wafilipi juu ya msaada waliomtumia gerezani, alitumia neno la Kigiriki koinonia, lilelile la ushirika wa Roho na wa Meza. Tena alieleza ushirika huo kama hesabu yenye pande mbili, kutoa na kupokea. Na katika 2 Wakorintho 8 anawasifu watu wa Makedonia, maskini kabisa, ambao waliomba wenyewe waruhusiwe kushiriki katika mchango. Nia yake haikuwa mmoja apumzike na mwingine alemewe. Alitaka pawe na usawa kati yao.

Tukipima kwa kipimo hicho, mikataba mingi ya miaka hii haikufika kwenye ushirika. Hata wafadhili wenyewe walikiri. Mwezi Mei 2016, kule Istanbul, nchi na mashirika makubwa yaliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za msaada wa dharura itapita kwa mashirika ya nchi husika, kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo. Haikufika robo. Mwaka 2021 USAID nayo iliahidi robo ya pesa zake kwa mashirika ya wenyeji. Ilipofungwa ilikuwa bado kwenye kama asilimia 10. Kiasi kikubwa kilipita kwa makampuni na mashirika ya ng'ambo, kisha ofisi ya Kinshasa, kisha ofisi ya Goma au Bukavu, kisha shirika la nchi, na mwisho kituo cha afya. Kila ngazi ilibakiza chake cha kodi, magari na mishahara. Ngazi ya juu ilipoanguka, kituo kilichokuwa chini kabisa hakikujua hata ni nani wa kumwuliza.

Sanduku la kufuli tatu

Karibu kila parokia yetu ina kikundi cha AVEC. Wengi hawajui kwamba njia hii ya kuweka akiba ilianza Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na akina mama wa vijijini. Kutoka kule ilienea Afrika nzima mpaka kwetu. Hebu tuone kwa nini haikufa mradi ulipoisha.

Mgeni hakuleta pesa za kukopesha. Alileta namna ya kufanya, akaifundisha kwa miezi, akaondoka. Watu kama 15 hadi 30 wanajuana, wanakutana siku ileile kila juma, wanaweka akiba mbele ya macho ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Anayekopa anajulikana, anayechelewa anajulikana. Kuna mfuko wa pembeni kwa msiba na ugonjwa. Mwisho wa mwaka wanagawana na kuanza tena. Hata mama asiyejua kusoma anakumbuka hesabu kwa kuwa inasemwa kwa sauti.

Hatusemi sanduku litajenga barabara au kununua mashine ya oksijeni. Tena katika vita sanduku linaweza kuporwa, na faida ya mkopo inaweza kumwumiza maskini kama kikundi hakina huruma. Lakini benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wengi waliona tofauti kati ya pesa iliyo mahali ambapo huwezi kufika na pesa iliyo kati ya watu unaowaita kwa majina.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Wafadhili wengine watakuja. Wengine wamekwisha kuja. Mwezi Septemba 2025 Marekani ilitangaza mpango mpya wa afya unaotaka mapatano ya moja kwa moja na serikali za nchi, ambamo serikali itachangia zaidi mwaka hadi mwaka. Kuna jema ndani yake, lakini kwetu mashariki, ambako sehemu nyingi mkono wa Kinshasa haufiki, swali la nani atakayemfikia mgonjwa ni kali zaidi. Hapo makanisa yataitwa tena. Tunawasihi wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama na vijana wakae pamoja na kuuliza mambo matano kabla mtu mmoja hajatia sahihi kwa niaba ya wote.

Kwanza, ni nani aliyesema kwamba tunahitaji jambo hili? Kama kijiji kinalia kwa ajili ya maji na mradi unaleta semina, kusema hapana kwa heshima ni sehemu ya ushirika.

Pili, hesabu ziko wapi? Bajeti ya kazi inayofanywa kwa jina letu ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka. Wako watumishi wa Mungu ambao walificha karatasi hizo, na washirika wakaona nyumba ikipanda bila kujua matofali yametoka wapi. Uwazi tunaoudai Washington au Kinshasa uanzie kwenye mlango wa kanisa.

Tatu, prime itakapoisha, nani ataendelea? Mradi ukimlipa muuguzi mara tano ya kawaida yake kwa miaka miwili, unamvuta kutoka kituo kimoja na kumwacha amevunjika moyo katika kingine. Ni heri kiasi kidogo ambacho komite itaweza kukishika kuliko kikubwa kitakachoondoka na gari.

Nne, kitu kikiharibika, nani atakitengeneza? Pampu ya maji inataka fundi wa karibu, vipuri vinavyopatikana sokoni, na mchango mdogo wa kila nyumba unaokusanywa kabla pampu haijakufa.

Tano, msichana akidhulumiwa, atasema na nani? Jibu lisiwe mtu wa mradi, wala mchungaji peke yake. Wawepo akina mama wawili watatu waliochaguliwa na wenzao, wanaojulikana kwa kutunza siri, na njia ya kwenda hospitalini na kwa sheria iwe imeandikwa mapema.

Mzigo wa nani?

Katika Wagalatia 6 Paulo anatuambia tubebeane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atabeba furushi lake. Wasomaji wengine huona kama anajipinga. Lakini Kigiriki kinatumia maneno mawili: baros, uzito unaomlemea mtu asiweze kusimama, na phortion, furushi ambalo msafiri anajibebea mwenyewe. Kazi ya ushirika ni kuyatenganisha hayo mawili bila kudanganyana.

Tunaamini kwamba kufagia kituo, kuchagua komite yenye uaminifu, kulipa mchango wa mutuelle ya afya, kumtunza muuguzi wetu na kulinda dawa zisiuzwe sokoni ni furushi letu. Sheria ya mutuelle ipo tangu Februari 2017. Parokia inayoweza kuchanga kwa ajili ya zinki za kanisa inaweza kuchanga ili mama aliyejifungua asizuiliwe hospitalini kwa kukosa malipo. Jambo hilo la kuwazuia akina mama kwa sababu ya deni linatokea hata katika hospitali zenye msalaba mlangoni, na lazima liishe.

Lakini vita, kipindupindu kambini, mamilioni ya watu waliohama makwao, dawa za UKIMWI na kifua kikuu, hayo ni baros. Kumwambia mkimbizi wa Minova ajitegemee ni ukatili. Na hapo serikali yetu haiwezi kukaa pembeni: mwezi Aprili 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Robo ya karne imepita. Makanisa yana haki ya kuuliza juu ya ahadi hiyo kwa sauti, kwa wabunge wetu na kwa kila anayetawala mahali tulipo. Tena ndugu zetu wa ng'ambo, walioketi nasi kwa miaka mingi, tuwaandikie wazi tunachohitaji na tunachoweza wenyewe. Kule Panzi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999 na kanisa la CEPAC pamoja na rafiki zake Wapentekoste wa Sweden, urafiki huo ulikwisha kupita miaka 70 kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Wasweden wale walifika Kivu mwaka 1921. Mapatano ya miezi 18 hayawezi kuzaa tunda kama hilo.

Tunaomba kila baraza la parokia litenge kikao kimoja kabla ya mwisho wa robo hii ya mwaka. Andikeni upande mmoja wa karatasi kazi zilizosimama tangu Januari 2025, na upande wa pili zile zinazoendelea. Kwa kila moja inayoendelea, andikeni ni nani anayeishika. Majina hayo myataje katika maombi ya Jumapili, kisha muwaulize wenye majina wanahitaji nini ili wasichoke.

Bwana awatie nguvu mikono yao, na awakumbuke wote walio njiani usiku huu.